Kalenda ya Mbwa

Ukitaka kuchekwa Gisenyi, waambie watu kwamba unaishi kwa kuosha mbwa. Muuza sambaza, dagaa wa ziwani, ana heshima yake, anayebeba magunia mpakani ana heshima yake, hata mlevi wa mtaa hukosa kazi lakini hakosi salamu. Lakini mwanamke mzima, mwenye akili zake timamu, anayemsugua mbwa mgongo kwa sabuni na kumfuta masikio kwa pamba, huyo hupachikwa majina. Umuhire alipachikwa mengi. Alikuwa na miaka thelathini na mitano, mrefu, mpole, mikono imepasuka kwa maji, na hakuna jina hata moja kati ya hayo lililomzuia kufungua duka lake saa moja asubuhi.

Mbwa hakuwaanzia mjini. Alizaliwa Karagwe, Tanzania, kwa wazazi waliozaliwa ukimbizini, akaletwa Rwanda akiwa na miaka mitano, juu ya lori lililobeba ng'ombe wa baba yake na masufuria ya mama yake. Walipata shamba Mudende, huko juu kwenye baridi, na baba alikuwa na mbwa wawili wa kuchungia. Usiku wa mvua mbwa hao waliingizwa ndani, na watoto waligombania kulala karibu nao. Kwa Umuhire mbwa alikuwa mwenzao wa kazi, basi. Hakuna mtu wa kwao aliyewahi kumweleza kwamba kwa wengine ni kitu kingine, naye hakuwa na sababu ya kuuliza.

Alipokua alishuka Gisenyi kutafuta kazi, akaipata kwa mhandisi mmoja Mbelgiji aliyekuwa na nyumba kando ya ziwa na mbwa watatu wenye adabu kuliko watu wengi. Miaka sita alipika, akafua, akajifunza chanjo, dawa za minyoo na namna ya kukata kucha bila kutoa damu. Mhandisi alipoondoka alimwachia mashine ya kunyolea manyoya na barua ya kumsifu. Wenzake walimshauri auze mashine. Yeye alikodi vyumba viwili na ua wa nyuma mtaa wa Nengo, akaandika ubaoni Inshuti y'Urugo, yaani rafiki wa nyumbani. Neno mbwa hakuliandika, maana kwa Kinyarwanda neno hilo ni tusi kabla ya kuwa mnyama.

Duka lilikwenda. Aliosha, alilaza mbwa wa wasafiri, alipika chakula chao mwenyewe kwa unga wa mahindi, pumba na vichwa vya sambaza. Wateja wake walikuwa wageni wa mashirika, wale waliofanya kazi Goma, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, na kulala Gisenyi, pamoja na matajiri wa Goma waliovusha mbwa wao mwisho wa juma. Wenyeji hawakuja. Umuhire hakujali sana, na hilo lilikuwa kosa la kibiashara, kwa sababu nyumba ya nguzo moja ikitikisika huanguka yote.

Mwanzoni mwa mwaka vita viliingia Goma. Siku chache milio ilisikika mpaka Nengo, madirisha yakatetemeka, watu wakalala sakafuni. Wateja wa Umuhire waliondoka mmoja mmoja, wengine bila kuaga. Wengine waliaga vizuri mno: walimwachia mbwa kwa wiki mbili tu, wakakumbatia wanyama wao huku wakilia, wakaenda zao Nairobi au Ulaya na simu zao zikazimwa. Mwezi wa kumi na moja ulipofika alikuwa na mbwa sita wasio na wenyewe, mmoja wao, mkubwa wa rangi ya manjano, akiitwa Bonheur, furaha. Mbwa wa kuosha kwa malipo walikuwa wawili kwa wiki.

Hesabu ilikuwa rahisi hata kwa asiyesoma. Kama hangepata wateja wa pale pale Gisenyi kabla ya Machi kwisha, duka lingefungwa, na yeye angepanda Mudende kulimia watu viazi, kwa sababu shamba la baba lilikuwa la kaka yake tayari. Umuhire aliogopa jambo hilo kuliko alivyoogopa mabomu. Mabomu yalimkuta sakafuni pamoja na watu wengine, lakini kurudi Mudende angerudi peke yake, na kila kicheko alichochekwa miaka mitatu kingekuwa kimepata haki.

Kwa hiyo aliposikia kuna mafunzo ya siku tatu kwa wanawake wenye biashara ndogo, alikwenda, akakaa mbele. Mwalimu alikuwa Robinah, mwanamke mwenye sauti ya kanisani aliyekulia Uganda, aliyeuza sabuni zake mwenyewe hadi Kigali. Robinah aliwaambia kwamba Desemba ndio mwezi wa kulima jina, na anayengoja Januari atakuta wenzake wameshavuna. Aliwaambia waandike mpango wa miezi yote kumi na miwili, na kila mwezi uwe na sababu ya mteja kuwakumbuka. Zaidi ya yote, alama ya biashara ionekane kila jicho linapotua. Umuhire aliandika maneno hayo ya mwisho, akayapigia mstari mara mbili.

Mpango wake ulikuwa mzuri, nausema bila kumpendelea. Wezi walikuwa wameongezeka tangu mambo ya Goma yaharibike, na watu wengi walifuga mbwa wa ulinzi waliowafunga kamba mchana kutwa na kuwalisha maganda. Hawa ndio aliwataka. Angetoa kalenda. Anayeijua Gisenyi ataelewa: mwisho wa mwaka kila benki, kila parokia, kila duka la vifaa vya ujenzi hutoa kalenda, na ukuta wa sebule wenye kalenda nne ni ukuta wa watu wanaojulikana. Kalenda haitupwi. Inakaa mwaka mzima, ikianza kupauka bado iko pale. Yake ingekuwa na picha ya mbwa kila mwezi, na chini ya picha ukumbusho mfupi: mwezi huu chanjo ya kichaa, mwezi huu dawa ya minyoo, mwezi huu mvua, angalia masikio.

Lakini kulikuwa na jambo moja lililobeba duka lile kuliko mpango wowote, nalo lilikuwa mwenye nyumba.

Mukankusi alikuwa na miaka sitini na minne. Aliishi nyumba ya mbele peke yake, na miaka mingi alikuwa amevuka mpaka kila asubuhi na beseni la samaki kuuza Birere, upande wa Goma, ndiyo maana Kiswahili chake kilikuwa kile cha Goma. Yeye na Umuhire walizoea kuzungumza Kiswahili wao kwa wao, mmoja cha Karagwe, mwingine cha soko, wakachekana kwa lafudhi. Hakuna aliyemwita Mama Fulani kama wanavyoitwa wanawake wa umri wake. Wote walimwita Mukecuru, bibi, wakaishia hapo. Mtaa mzima ulijua kwamba mwaka wa tisini na nne, katika mauaji ya kimbari, alipoteza mume na watoto wawili, na mtaa mzima ulijua kwamba hasemi habari hizo.

Alipomkodisha Umuhire ua wa nyuma alitoa sharti moja: vitu vyake viingilie lango la chini, visipite mbele ya mlango wake. Mbwa aliwaita hivyo, vitu vyako, kwa miaka yote mitatu. Umuhire alidhani ni uchafu anaochukia. Alitii, akafagia njia ya chini kila siku, na jioni akampelekea uji.

Mwaka wa kwanza majirani walilalamika. Donatille, mwenye saluni ya upande wa pili, alisema wazi kwamba mtaa wenye watu hauwezi kuwa na mbwa kumi wanaobweka, tena mahali penye waliofiwa kama hapa, na watu wakaitikia. Mkuu wa mudugudu, yaani wa mtaa, Munyaneza, akaitisha kikao. Mukankusi aliketi mwisho wa benchi, akangoja wote wamalize, kisha akasema sentensi moja: kama yeye yuko hapo, nani mwingine hawezi? Munyaneza akafunga kikao. Nani angejifanya ana kidonda kikubwa kuliko cha Mukecuru? Tangu siku ile duka lilisimama juu ya sentensi ile, na Umuhire alilijua hilo vizuri kuliko alivyojua nambari ya leseni yake.

Kalenda aliitengeneza na Ntwali, binamu yake, kijana wa miaka ishirini na minne anayesanifu mabango na kadi za harusi katika duka la kuchapisha karibu na soko. Walikaa mchana wa siku mbili wakichagua picha. Bonheur akapewa Januari. Mbwa mdogo mweupe wa hoteli akapewa Desemba, amevishwa kofia. Walipofika mwezi wa nne, Umuhire ndiye aliyenyoosha mkono kwanza.

“Aprili usiweke mbwa,” alisema.

Ntwali alisema hata yeye alikuwa ameliwaza hilo. Hakuna Mnyarwanda asiyejua Aprili. Tarehe saba huanza icyunamo, juma la maombolezo, na muziki hunyamaza, na hata matangazo ya bia hushushwa. Wakakubaliana ukurasa uwe wa kijivu, mshumaa mmoja, na neno moja la kukumbuka. Hakuna picha ya mbwa, hakuna minyoo wala chanjo. Umuhire aliridhika, tena alijisikia mtu mwenye adabu, na kweli alikuwa nayo.

Kisha wakaja kwenye alama. Ntwali alikuwa amechora nyayo za mbwa, rangi ya samawati hafifu, zinazotembea kutoka kona ya chini ya ukurasa, zikapita katikati ya tarehe, zikatokea kona ya juu. Zilikuwa nzuri, zenye uchangamfu, utadhani mbwa amekanyaga rangi akapita juu ya karatasi. Aliuliza kama aziweke kwenye jalada tu. Umuhire akakumbuka mistari yake miwili.

“Kila ukurasa, Ntwali. Watu wasitusahau.”

Ntwali akaziweka kwenye karatasi ya msingi ambayo kurasa zote hutokana nayo, zikajichapa zenyewe kumi na mbili kwa mpigo. Jioni alimtumia Umuhire kazi nzima kwa simu. Ujumbe ulimkuta na mikono ya povu, mbwa akijikung'uta na kurusha maji ukutani. Alifuta kidole kwenye nguo, akapitisha: Februari nzuri, Machi nzuri, Aprili kijivu na mshumaa, vyema, Mei nzuri. Kwenye kioo kile kidogo samawati hafifu juu ya kijivu haikuonekana. Akaandika kwamba wachapishe mia mbili.

Kalenda zilitoka Ijumaa, zikinukia wino. Jumamosi mvua ilinyesha tangu asubuhi, ziwa likawa na rangi ya majivu, na Umuhire alizunguka Nengo na mfuko wa plastiki kifuani akigawa. Alipokewa vizuri kuliko alivyotarajia. Muuza nyama alitundika yake pale pale juu ya mizani. Katibu wa parokia alichukua tatu. Kwa Donatille alisita mlangoni, lakini Donatille aliona mbwa wa kofia akacheka hadi mteja aliyekuwa anasukwa akageuza kichwa, na kalenda ikapata msumari kati ya vioo. Watu wawili wa pale pale mtaani waliuliza bei ya chanjo. Wawili! Umuhire alirudi nyumbani amelowa, na kwa mara ya kwanza tangu Januari alilala bila kuhesabu kitu.

Ya Mukankusi aliitunza mpaka Jumapili. Aliifunga kwa utepe, akampelekea baada ya misa, akakuta bibi amevaa miwani na ameweka chai mezani. Mukankusi alifurahi. Alipitisha mkono juu ya jalada, akasifu karatasi nzito, hata mbwa wa jalada hakumkunjia uso. Kisha akaanza kupekua haraka, hatazami picha.

“Ngoja nione mwezi wa ine,” alisema. “Mi kila mwaka naanza na ule. Nataka kujua tarehe tisa, ile ya kukumbuka watu yangu, itaanguka siku gani, ndiyo nijue kama dada yangu atapata ruhusa ku kazi.”

Umuhire alitabasamu. Alitaka auone ule mshumaa.

Karatasi ilifunguka. Ilikuwa ya kijivu, na mshumaa ulikuwa pale, na neno lilikuwa pale. Na juu ya kijivu ile samawati ya Ntwali ilikuwa imekolea karibu kuwa nyeusi. Nyayo zilitoka kona ya chini, zikapita kati ya tarehe, moja ikatua kando ya tisa, zikaendelea juu. Bila picha na bila maneno mengi ya kuzificha, ukurasa mzima ulikuwa nyayo.

Mukankusi hakuuliza ni nini. Aliweka kidole kwenye unyayo wa kwanza, akakisogeza kwa wa pili, kwa wa tatu, taratibu, mpaka kikafika ukingoni mwa karatasi. Umuhire alianza kusema kwamba ni alama tu, iko kila ukurasa, ni makosa ya uchapaji. La mwisho lilikuwa uongo, naye akalijua, akaacha.

“Siku ya tano nilitoka mu plafond, kule juu ya dari, kwenye nilikuwa nimejificha,” Mukankusi alisema. Alizungumza na karatasi. “Bwana yangu na mutoto mukubwa nilibakuta pa mulango. Ule mudogo hakukuwako. Mvua ilikuwa imenyesha. Mbwa zilikuwa zimepita mbele yangu, nyayo zilikuwa mu matope, nyingi, zinaenda njia moja. Donc, nilizifuata. Nilizifuata mpaka kule chini. Ndiyo nilimupata Fidèle.”

Nje mvua iliendelea. Umuhire alikuwa amesimama, hakujua amesimama saa ngapi. Alitaka kupiga magoti, akaona kwamba hata hilo lingekuwa ni kumpa bibi kazi ya kumwinua.

Mukankusi aliifunga kalenda, akairudishia utepe wake, akaufunga vizuri kuliko ulivyokuwa, akamkabidhi kwa mikono miwili kama mtu anavyokabidhi kitu cha watu. Akasema si kwa ubaya. Akasema chai inapoa.

Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa. Umuhire aliijua methali hiyo tangu utotoni, alikuwa ameisikia kwa wazazi wake, na haikumsaidia kitu. Aibu aliyoisikia haikuwa ya karatasi tu. Miaka mitatu alikuwa amepeleka uji mbele na kuosha mbwa nyuma, akajisifu moyoni kwamba anamtunza bibi. Alijichukia, na hakupata mahali pa kuiweka chuki hiyo.

Jumatatu asubuhi alianza kuzikusanya. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini nani amewahi kuyaacha bila kujaribu? Alimwambia kila mtu kwamba kuna kosa dogo la tarehe. Hapo ndipo alipoharibu zaidi. Watu hawakuwa wameona. Walikuwa wametundika Januari ukutani, au hata bado jalada, na Aprili ingewangoja kimya miezi mitatu. Alipoomba karatasi zirudi, kila mmoja aliuliza kosa liko wapi, akafunua mwenyewe. Muuza nyama alisema haoni ubaya, ni miguu tu, akakataa kutoa yake. Katibu wa parokia alifunga macho kidogo, akarudisha tatu zote.

Donatille aliishusha kutoka kwenye msumari, akafunua, akatazama. Saluni ilikuwa na wanawake wanne, na kalenda ilipita mkono kwa mkono. Mkubwa wao aliiweka mezani kifudifudi, akaenda kusimama mlangoni.

“Mukecuru ameiona?” Donatille aliuliza.

“Ameiona.”

Donatille hakuwa mtu mbaya, na sitamsingizia. Hakufoka wala hakumtukana. Alisema tu kwamba mwaka ule wa kwanza alinyamazishwa kwa jina la Mukecuru, na sasa anataka kumsikia Mukecuru mwenyewe tena. Mchana ule ule alikwenda kwa Munyaneza. Umuhire alipofika nyumbani na kalenda thelathini na moja kati ya arobaini alizokuwa amegawa, habari zilikuwa zimemtangulia.

Kikao kilikaa Alhamisi, wiki moja kabla ya Krismasi, kwenye chumba cha chama cha akiba, watu wasiozidi kumi. Ntwali alikuja, akakaa nyuma, macho mekundu. Alikuwa amejitolea kuchapisha upya kwa gharama yake, na Umuhire alikuwa amemwambia aache. Munyaneza alikuwa mtu wa taratibu. Alifungua daftari lake, akakumbusha kwamba Umuhire ana leseni kutoka ofisi ya sekta, vyeti vya chanjo na mkataba wa nyumba unaofika mwisho wa Juni, na kwamba karatasi iliyochapwa vibaya si jinai. Akaeleza kosa lenyewe kwa upole. Watu walisikiliza. Wengine, naamini, walikuwa tayari kusamehe, maana walimjua Umuhire, na walijua mkono wake hauna ubaya.

Ikabaki sentensi moja tu, na wote walijua nani mwenye nayo. Umuhire hakumtazama Mukankusi. Alitazama viatu vyake mwenyewe, na aliomba, nikisema kweli, aliomba Mungu bibi aseme kama alivyosema mwaka ule. Duka lote lilikuwa mdomoni mwa mwanamke mmoja aliyechoka.

Munyaneza alimuuliza kwa heshima kama bado anavumilia.

Mukankusi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge, akaivaa tena.

“Mi sikukuwa navumilia,” alisema. “Nilikuwa nanyamaza tu. Usiku zikilia, mi naamka, naenda kuangalia kama mulango imefungwa. Miaka tatu. Umuhire ni mutoto muzuri, ananiletea uji. Ningesema nini?”

Donatille, ambaye ndiye aliyeyataka maneno hayo, alianza kulia. Wengine waliangalia ukuta. Hakuna aliyefurahi kushinda, kama lile liliweza kuitwa kushinda.

Munyaneza aligeukia upande wa Umuhire. Alisema sheria ni sheria, mwenye nyumba hawezi kumtoa mpangaji kabla ya mkataba kwisha, na Umuhire ana haki ya kukaa mpaka Juni na kujaribu bahati yake. Alisema anaweza kuandika hivyo. Alisema pia, akikwepa macho ya watu, kwamba Mukecuru hatashitaki, na kila mtu alijua hatashitaki. Juni ilikuwa mbali. Wale wawili waliouliza bei ya chanjo wangeweza kuwa kumi kufikia hapo. Umuhire aliiona ile miezi sita yote, na yale aliyoyaandika chini ya kila mmoja, na akamwona bibi akiamka kila usiku wa miezi hiyo kwenda kuushika mlango.

“Andika kwamba mimi ndiye niliyeomba kuondoka,” alisema. “Usiandike jina la Mukecuru.”

Mukankusi alinyoosha mkono nusu, kana kwamba angemzuia, halafu akaurudisha mapajani. Alisema Umuhire mwenyewe anaweza kubaki, chumba ni chake, atampikia. Alimaanisha. Lakini wote waliokuwa mle ndani walijua kwamba Umuhire bila ile kazi hakuwa na cha kufanya Gisenyi, na kwamba mbwa sita wasio na wenyewe hawana anayewapokea isipokuwa kaka yake wa Mudende, tena kwa kunung'unika.

Munyaneza aliandika. Kalamu iligoma, akaipulizia, akaendelea. Kisha akauliza aandike tarehe gani ya kuondoka, kwa sababu safu hiyo haikubali kubaki wazi.

“Kabla ya Aprili,” Umuhire alisema.

Munyaneza akaandika Machi, akamgeuzia daftari, naye akatia saini.